Bei Zapanda, Kipimo Chapungua

Wananchi wa Pangani, si ile ya Tanga iliyo mdomoni mwa mto bali kata yetu hii ya Kibaha, wana namna yao ya kupima hali ya uchumi, nayo haihitaji tarakimu za ofisi yoyote. Wao huhesabu nyanya zilizomo katika fungu. Fungu la shilingi mia tano lilikuwa na nyanya tano. Likawa na nne. Mvua zikizidi au jua likikaza huwa na tatu, na moja kati ya hizo imepondeka ubavu. Mwenye genge hakupandisha bei. Ukimwuliza ataapa kwamba fungu lake ni la mia tano kama lilivyokuwa, naye atakuwa anasema kweli. Kilichobadilika ni kile kilichomo.

Tumelianza jambo hili kwa nyanya kwa sababu mazungumzo juu ya mfumuko wa bei yamezoea kuanza kwa asilimia, na asilimia zina tabia ya kumfunga mdomo mtu ambaye hakuzoea kuzisoma. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kila mwezi mwenendo wa bei nchini. Kwa mujibu wa takwimu hizo, mfumuko ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukashuka hadi 3.8 mwaka 2023, kisha 3.1 mwaka 2024. Kwa nchi ambayo katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 iliishi na mfumuko wa karibu asilimia 30 kwa mwaka, hayo ni mafanikio, na hatuoni haya kuyasema. Uingereza, yenye utajiri unaotuzidi mara nyingi, ilivuka asilimia 11 mwezi Oktoba 2022.

Hata hivyo, katika mikutano ya mashina na matawi swali ni lile lile: ikiwa mfumuko umeshuka, mbona unga haukushuka? Wako viongozi wanaolipokea swali hili kwa kicheko, kana kwamba muulizaji hakwenda shule. Sisi hatucheki. Anayeuliza hivyo ameelewa jambo moja sawasawa, yaani kwamba mfuko wake hautoshi, na ameelezwa jingine visivyo. Mfumuko unaposhuka kutoka asilimia nne hadi tatu, bei haishuki hata senti moja. Inaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Ni kama mtu anayepanda mlima akapunguza hatua. Bado anapanda. Bei iliyokwisha kupanda mwaka 2022 ilibaki pale ilipofika, na ile ya mwaka 2023 ikajengwa juu yake. Laiti jambo hili moja lingeelezwa vizuri katika kila mkutano wa hadhara, kutoaminiana kwingi kati ya wananchi na takwimu zao kungekwisha.

Lakini hilo ni nusu tu ya maelezo, na nusu ya pili ndiyo inayotukera. Takwimu ile ni ya wastani. Hupatikana kwa kujaza kapu la bidhaa na huduma ambazo Watanzania hununua, kila kitu kikipewa uzito wake. Katika kapu lililoanza kutumika mwaka 2021, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilipewa uzito wa asilimia 28.2, kapu lililotangulia lilivipa 38.5. Hakuna hila katika hesabu hizo. Wataalamu wanafuata kanuni zinazofuatwa duniani kote. Ila uzito huo hutokana na matumizi ya kaya zote zikichanganywa pamoja, na katika mchanganyiko huo anayetumia fedha nyingi anasikika zaidi ya anayetumia chache. Mwenye gari, mwenye kulipa karo ya shule ya binafsi, mwenye kula hotelini, wote wamo kapuni, na wanalivuta upande wao.

Tuchukue mfano wa hesabu, usio wa mtu wala duka fulani. Kibarua wa ujenzi anapata shilingi 10,000 kwa siku, na 7,000 kati ya hizo huishia kwenye chakula cha watoto wake. Ofisa mmoja anapata sawa na 60,000 kwa siku, na chakula humchukulia 12,000. Vyakula vikipanda kwa sehemu ya kumi, kibarua anahitaji shilingi 700 za ziada, na ofisa anahitaji 1,200. Kwa macho ofisa ameumia zaidi. Kwa hesabu, kibarua amepoteza asilimia saba ya kipato chake chote na ofisa asilimia mbili. Wote wawili wamesikiliza redio moja na kutangaziwa mfumuko mmoja.

Na kibarua huyo hanunui kwa kilo. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Anayenunua gunia hulipa bei ya gunia. Anayenunua kilo hulipa zaidi. Anayenunua robo, au sukari iliyofungwa katika kijifuko, au mafuta ya kula ya kupima, huyo hulipa bei kubwa kuliko wote kwa bidhaa ile ile moja. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000. Robo kwa haki ingekuwa 750, lakini itauzwa 800, na kijifuko cha mia mbili, ukikipima kwenye mizani, mara nyingi kitakupa bei ya kilo inayokaribia shilingi 4,000. Asiye na shilingi 3,000 kwa mkupuo hana hiari. Umaskini unamlazimisha anunue ghali, na kununua ghali kunamzuia asiweke akiba ya kununua kwa nafuu kesho. Mwenye duka naye tusimhukumu upesi. Ana mifuko ya kununua, ana punje zinazomwagika, ana daftari la madeni lenye majina ambayo yeye mwenyewe hajui kama yatalipa.

Iko na hila ndogo ya sarafu ambayo hatujaona ikielezwa na wachumi. Dukani hakuna sarafu ya chini ya shilingi 50 inayopokewa tena. Andazi la shilingi 200 haliwezi kupanda kwa asilimia nne, kwa sababu asilimia nne yake ni shilingi nane, na shilingi nane haipo. Kwa hiyo andazi hukaa kwenye bei yake muda mrefu, kisha siku moja huruka hadi 250 au 300, yaani robo nzima au nusu nzima kwa mara moja. La sivyo hubaki 200 na likawa dogo. Vitu vinavyonunuliwa na watu wa kipato cha chini ni vidogo vya namna hiyo: fungu la mchicha, kopo la mkaa, kibiriti, kijiko cha majani ya chai. Bei za vitu vikubwa hupanda kwa ngazi fupi fupi. Za vitu vidogo hupanda kwa kuruka, au hupunguzwa kipimo.

Nini basi kinachopandisha? Tuanze na barabara inayopita karibu yetu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, mchele wa Kilombero na Mbarali, viazi vya Njombe, vyote hupita Barabara ya Morogoro, Chalinze, Mlandizi, Maili Moja, vikielekea masoko ya Dar es Salaam. Malori hayo hutupita usiku tukiwa tumelala. Alfajiri wenye magenge wetu hupanda gari kwenda Mabibo, Ilala au Kariakoo kuvinunua vitunguu vile vile, wakavirudisha kwa nauli, kisha kwa bodaboda kutoka barabara kuu hadi ndani ya mitaa. Kitunguu kimepita mlangoni petu kwenda, kikapita tena kurudi, na kila hatua mtu amekula chake: dalali, mpakuaji, mlipisha ushuru, mwenye gari. Jirani zetu wa Kisarawe wako katika hali inayofanana na hiyo: muhogo wao na mkaa wao huenda mjini, na unga na sukari yao hutoka mjini.

Kwa kuwa safari ni ndefu, mafuta ya magari ndiyo mama wa bei nyingine. Urusi ilipoingia vitani Ukraine tarehe 24 Februari 2022, bei za mafuta duniani zilipaa. Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 za ruzuku kwa mwezi Juni 2022, na bado mwezi Agosti mwaka huo petroli jijini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,400 kwa lita. Ilishuka baadaye. Nauli zilizokwisha kupandishwa, kama ilivyo desturi yake, hazikuwa na haraka ya kuifuata chini.

Mafuta ya kula nayo yalitufunza somo lake. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayokaangia huagizwa kutoka nje, mengi yakiwa ya mawese ya Asia. Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili 2022, kwa lengo la kuwalinda walaji wake wenyewe, kaango la mama lishe wa Maili Moja lilitikisika, ingawa mama huyo pengine hajapata kulisikia jina la nchi hiyo katika maisha yake. Zuio liliondolewa Mei 23. Na nchi yetu ina alizeti Singida na Dodoma, ina michikichi Kigoma! Kila mwaka tunasikia hotuba za alizeti. Tungependa kusikia kidogo zaidi juu ya mbegu.

Mbingu nazo hazikusaidia. Mwezi Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua kiasi cha wakazi wa Dar es Salaam na Pwani kupewa maji kwa mgao, na mikoa mingi ilivuna mahindi haba. Bei ya unga ilipanda hadi Serikali ikaamuru Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kutoa mahindi yauzwe kwa bei nafuu. Kisha mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 zikalowesha mashamba ya miwa hata viwanda vikashindwa kusaga, na mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika.

Kila bei inapopanda namna hiyo, sauti hutokea kudai kwamba walanguzi wakamatwe na Serikali ipange bei. Hatuwezi kulipuuza dai hilo, maana linatoka kwa wanyonge. Wafichaji wapo, na wakati wa uhaba wa sukari tuliona wenyewe maghala yaliyofungwa mchana na kufunguliwa usiku. Lakini Taifa letu lilikwisha kuijaribu njia hiyo kwa nguvu zake zote, na vijana waliozaliwa baadaye wanastahili kuelezwa kilichotokea.

Tume ya Bei iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ikapewa uwezo wa kupanga bei za bidhaa nyingi kwa nchi nzima. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi na kuweka ya vijiji na ya ushirika. Na mwaka huo huo, kwa mkanganyiko ambao mpaka leo hatujapata mtu wa kutueleza vizuri, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Nia ilikuwa njema: kumlinda mkulima na mfanyakazi dhidi ya unyonyaji. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, mafuta yakapanda kwa mara ya pili duniani, fedha za kigeni zikakauka. Bei katika orodha za Serikali zikabaki nzuri, na rafu za maduka zikabaki tupu. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sabuni. Wanakumbuka pia kwamba nyuma ya duka, kwa bei ya magendo, sabuni ilikuwapo.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ambaye uadilifu wake hautiliwi shaka na yeyote aliyeijua historia ya nchi hii, aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Bidhaa zilifichuka, na husimuliwa kwamba nyingine zilitupwa usiku na wenye nazo kwa hofu. Wananchi walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini msako huweza kuigawa sukari iliyofichwa. Hauwezi kuitengeneza isiyokuwapo. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Mwaka 1986, katika makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi iliyokuwa ikibadilishwa 17 hivi kwa dola ikafikishwa 40. Rafu zikajaa. Mshahara wa mfanyakazi, aliyekuwa ameshindwa kununua kwa kukosa bidhaa, sasa ukashindwa kununua kwa kukosa thamani. Tumepitia pande zote mbili, na wanaotuhubiria upande mmoja kana kwamba haujajaribiwa wanatukosea adabu.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita shule ya Serikali tulifundishwa kwamba Mtume, watu wa Madina walipomwendea wakati wa ughali wakitaka awapangie bei, hakukubali. Na tulifundishwa vilevile kwamba kuhodhi chakula ili kiadimike ni dhambi, na kwamba sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la watu wanaopunja vipimo. Tulipokuwa watoto hatukuona uhusiano wa mafundisho hayo. Leo tunauona: bei iachiwe wingi na uchache wa bidhaa, lakini ghala na mizani visiachwe bila mwangalizi.

Tena kuna mtu wa pili katika jambo hili ambaye walaji wa Pwani humsahau. Bei ya unga tunayoilalamikia Pangani ndiyo mshahara wa mkulima wa Rukwa na Ruvuma. Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku mahindi kupelekwa nje ya nchi, ili chakula kibaki na bei ipungue. Kilibaki, na bei ilianguka hata mkulima wa nyanda za juu akakosa wa kumuuzia gunia lake. Sisi wa mijini tulikula kwa nafuu mwaka ule kwa jasho la mwenzetu. Mkulima huyo huyo ndiye anayepunjwa kwa lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu, linalohesabiwa moja na kubeba karibu moja na nusu. Lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo, na bado tunayaona malori yenye vilemba yakipita hapa barabarani. Kwa hiyo kipimo kinamdhulumu mkulima kwa kuzidi, na kinamdhulumu mlaji kwa kupungua. Kilichoongezwa shambani na kilichopunguzwa gengeni kimebaki katikati.

Mishahara imesogezwa, tarehe 1 Mei 2025, mjini Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kingetoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Tulilipongeza jambo hilo na tunalipongeza tena. Lakini wengi wa wakazi wa Pangani hawana Mei Mosi. Dereva wa bodaboda, mchoma mkaa, mama wa vitumbua, mkulima wa mihogo, hakuna anayewatangazia nyongeza, na nyongeza ya wengine huwafikia kwa njia ya kodi ya chumba iliyopandishwa.

Yapo mambo yaliyo nje ya uwezo wa kata. Vita vya Ukraine hatuvizuii kutoka Kibaha, wala mvua. Lakini kipimo kiko ndani ya uwezo wetu, na ndipo tunapotaka Chama kiweke mkono wake. Mabalozi wa mashina wanazijua kaya zao moja moja. Hakuna kinachowazuia kuzikusanya kaya kumi zikanunua gunia moja la mchele na debe la mafuta mwanzoni mwa mwezi, zikagawana kwa kilo na lita, kama vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vinavyofanya tayari katika baadhi ya mitaa bila kungoja maagizo. Sharti ni moja, nalo tunalitoa kwenye uzoefu wa maduka ya 1976, ambayo mengi yalikufa kwa sababu wajumbe wa kamati walijigawia kwanza: fedha na mizani zikae kwa wanunuzi wenyewe, na kiongozi asiwe mtunza ghala.

Halmashauri nayo inakusanya ushuru wa masoko. Haitakuwa ajabu ikatenga sehemu ndogo yake kwa eneo la kushushia mazao hapa hapa Kibaha, ili baadhi ya malori yanayotupita usiku yasimame kabla ya kufika Mabibo. Ardhi haijatuishia kama ilivyowaishia wenzetu wa jijini.

Na wakati hayo makubwa yakingoja vikao, tunaomba dogo lifanyike mwezi huu. Katika ofisi ya kata paandikwe ubaoni, kila Jumamosi, bei ya kilo ya unga, mchele, maharage, sukari na nyanya, na bei ya lita ya mafuta, kama zilivyokutwa katika maduka matatu ya mitaa tofauti bila kutaja jina la mwenye duka. Kando ya ubao huo iwekwe mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mama aliyetoka gengeni na fungu lake aruhusiwe kulipima bila kuulizwa anakaa mtaa gani.